Chapati za Jua

Barabara imefungwa tangu jana alasiri.
Lori langu limejaa chewa, na chewa hawana haraka tena,
basi nimeegesha kando ya pampu mbili
za kituo cha petroli cha Kaldeyri,
ambacho ndicho posta, ndicho duka la betri na nyuzi za sufu,
ndicho mkahawa pekee mpaka umalize milima mitatu.

Meza ni tano. Ya sita ilivunjika mguu,
imeegemezwa ukutani, imebebeshwa mafuta ya injini.
Chaki ya menyu haijafutwa tangu kiangazi:
supu ya kondoo, soseji na vitunguu, samaki wa leo.
"Samaki wa leo ni yupi?" niliuliza, mgeni wa miaka ile.
Hallfríður akanitazama juu ya miwani:
"Yule yule wa jana. Ila leo ana siagi."

Hallfríður hayupo.
Alivunjika nyonga Novemba, kwenye ngazi hizi hizi,
amebeba gunia la chumvi
ya kuzuia watu wasiteleze.
Yuko hospitali mjini, na kila siku saa nne hupiga simu
kuuliza kama sufuria kubwa imesuguliwa.

Anayepika sasa ni Danuta,
Danuta wa kiwanda cha minofu, aliyekuja kwa msimu mmoja
na msimu ukaondoka bila yeye. Mwaka wa kumi na moja huu.

Na leo ni leo.
Miezi miwili jua limepita nyuma ya mlima
kama mdeni anayekwepa mlango wa duka.
Leo, saa saba kasoro dakika kumi, litachungulia penye pengo,
dakika nne tu, mawingu yakiridhia,
na hulakiwa kwa kahawa na chapati za maji
zilizonyunyiziwa sukari, zikaviringishwa.
Usipopika, litadhani halikungojwa.

Simu imeegemezwa kwenye chupa ya haradali.
Ndani yake, shavu moja la Hallfríður na dari ya hospitali:
"Nyembamba zaidi! Nataka nione kidole chako upande wa pili."
Ya kwanza ikararuka.
Ya pili ikaungua, moshi ukatutoa machozi.
Ya tatu akapewa Ásvaldur, mvuvi mstaafu,
ambaye hula kila kitu na hasifu chochote.
Akatafuna. Akatazama dirisha. Akasema, "Hm."
Jiko zima likashusha pumzi.

Wakaja. Mwalimu na wanafunzi wake tisa, shule nzima hiyo;
fundi wa boti na mikono yake ya grisi;
wale dada wawili wasiosemezana tangu kesi ya mapazia ya kanisa,
kila mmoja na dirisha lake.
Watoto wakafuta mvuke kwenye kioo kwa mikono ya sweta.

Saa ikafika. Wingu.
Dakika ya kwanza. Ya pili.
Uma haukugonga sahani.
Ya tatu, mstari wa dhahabu ukateremka mlima wa pili,
ukagusa paa la kiwanda, ukavuka gati,
ukapanda lori langu,
ukakomea hapo, hatua ishirini kutoka mlangoni.

Danuta akanyakua simu.
Akatoka na aproni, na kandambili, kwenye theluji,
akasimama penye mwanga, akainua mkono juu
kama anayeonyesha mtoto gwaride.
Hallfríður alinyamaza. Sikujua kwamba anaweza.
Kisha sauti, hadi tuliko sisi:
"Mbona hukuvaa koti?"

Barabara ilifunguliwa saa kumi, gizani.
Kwenye kiti cha abiria, chini ya glovu zangu,
ipo chapati moja katika karatasi ya foili,
nyembamba hata kidole kinaonekana.
Naipeleka hospitali,
ikakaguliwe.